Yaya, Ile Bouchon Haikuwa ya Gari la Mama

Yaya Dieudonné, kaka yangu mkubwa,

Sikuulizi habari za Kolwezi. Najua uko mzima, maana jana ulimtumia Mama picha yako, umesimama mbele ya nyumba ya kazi, shati jeupe na miwani ya jua, naye akaizungusha kwa majirani wote wa Katuba. Mimi niliitazama nikataka kuitupa simu ukutani. Nina hasira nawe, na safari hii hutaizima kwa kicheko chako.

Unalikumbuka lile shati jeupe la hapa nyumbani? Ulikuwa unafanya vidange, kubadilisha mafuta ya injini, ukiwa umelivaa, makusudi, tukitoka misa, ili watu waone. Unatandaza katoni chini ya gari, juu yake beseni pana. Unalegeza bouchon, kile kizibo cha mafuta chini ya injini, kwa spana, kisha mizunguko ya mwisho unaigeuza kwa vidole huku unaisukuma juu, isije ikachomoka kabla hujataka. Halafu unaivuta pembeni mara moja, mafuta meusi yanashuka yote ndani ya beseni, na shati linabaki kama lilivyotoka kwenye pasi. Watu wa Golf, mtaa wa matajiri, walikuwa wanaziacha gereji zao kubwa wanatuletea magari kwenye kiwanja cha Mama. "Hata tone moja," ulikuwa unasema, ukinyoosha mikono kama padri. Mimi, mshika beseni, nilikuwa nakuonea wivu.

Marehemu Papa, aliyetumika kwenye reli mpaka uzee, alitufundisha jambo moja tu kuhusu bouchon, vidole kabla ya spana, akalirudia hadi tukachoka: "Bidole kwanza. Clé iko ya nyuma. Bidole bikikatala, ile haiko bouchon yake." Na kila vidange, pete mpya ya shaba chini ya kichwa chake, kwa kuwa ya zamani imekwisha kubanwa na haifungi tena vizuri. Pete ya shaba, Yaya! Tunaishi juu ya shaba, tunavuta vumbi lake, na wewe ukaona uvivu kwenda kutafuta pete moja.

Nazungumzia Jumamosi ile kabla hujaondoka. Bouchon ya gari la Mama ilikuwa imelika kichwa, spana inateleza. Ukachokora kwenye kopo la vipande vya zamani ukatoa nyingine. Unene ulikuwa uleule, lakini meno yake yalikuwa na nafasi tofauti. Iliingia mizunguko miwili ikagoma.

"Yaya, hii inakatala," nilikuambia.

"Itaingia tu. Leta tuyau."

Ukachomeka lile bomba kwenye mpini wa spana, ukalilalia kwa uzito wako wote, na chuma kikalia. Nilisikia, na wewe ulisikia. Pete ulirudisha ileile ya zamani. Kisha ukalikagua shati lako, ukaridhika, na Jumatatu ukapanda basi.

Siku sita baadaye tulipigiwa simu kutoka Lukafu: Mama Léonie amefariki. Mama alikuwa na deni moja tu la mapenzi kwa huyo mdogo wake, kumfunika kwa kikwembe kipya, kitenge cha heshima, kabla sanduku halijafungwa, kama mkubwa anavyomfanyia mdogo katika ukoo wetu. Alikichagua mwenyewe, cha rangi ya bluu. Njia nzima alikishika mapajani, hakukubali tukiweke nyuma na mizigo.

Tulikuwa katikati ya pori taa nyekundu ya mafuta ilipowaka. Nikazima injini, nikaingia chini. Bouchon haikuwepo. Kulikuwa na tundu tupu, meno yake yamesagika, na nyuma yetu mstari mweusi kwenye vumbi mpaka kwenye kona.

"Kuko nini?" Mama aliuliza dirishani.

"Jiwe, Mama. Jiwe limetugonga chini."

"Fanya mbio. Léonie eko ananingoya."

Tulikaa pale saa nyingi. Mwishowe likasimama lori la mizigo. Dereva, mtu wa Butembo, alichonga kijiti kwa kisu, akakipigilia kwenye tundu, akatupatia mafuta ya injini kutoka kwenye bidoni yake bila kutuuliza kitu. Lakini kabla ya hapo alilipapasa lile tundu kwa kidole, akanitazama. "Nani alikazaka hivi? Alikuwa anafunga moteur, ao mulango ya prison?" Niliona aibu kwa ajili yako.

Tulifika watu wakirudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Mama hakulia. Alisimama katikati ya njia na kikwembe chake mikononi, akimwuliza kila aliyepita: "Mulimufunika na nini? Mulimufunika na nini?" Nilikuchukia siku ile, nakuambia wazi.

Na nilipokupigia simu, ulisemaje? "Ah, ile bouchon. Niliyua haiko yake. Nilizania itafika mpaka vidange ingine." Ulijua! Ungesema neno moja, ningeibadilisha kabla ya safari. Lakini Dieudonné wa hata tone moja angekiri vipi kwamba ameharibu meno ya injini ya mama yake?

Sasa sikia na hili, sijamwambia mtu. Jumatano ya wiki ile niliona tone chini ya gari. Mama alikuwa anakuja na ufagio, na unajua anavyochukia doa kwenye kiwanja chake. Nikatupa mchanga juu. Alhamisi yalikuwa matone manne, nikaongeza mchanga. Sikuinama hata mara moja kuangalia yanatoka wapi. Nilihangaikia uchafu, kama nilivyofundishwa na wewe, na uchafu wenyewe ulikuwa unaniambia kitu. Kwa hiyo ninapokutukana moyoni, nusu ya matusi naipokea mimi mwenyewe.

Gari limepona. Fundi amechonga meno upya, na bouchon nimeichagua kwa vidole, imeingia mpaka mwisho kabla sijagusa spana. Pete ni mpya. Siku tatu nimeacha katoni chini yake na ni kavu kabisa.

Mama anataka kurudi Lukafu akatandike kile kikwembe juu ya kaburi. Nilimwambia gari liko tayari. Akakataa. "Hapana. Dieudonné aangalie kwanza chini. Ule mutoto haachake tone." Bado anaamini lilikuwa jiwe. Amelitoa lile shati lako kabatini, amelifua, amelipiga pasi, anakungojea Jumamosi.

Basi njoo. Livae, ulale chini ya gari, na ukitoka umwambie habari ya bouchon. Mimi nitamwambia habari ya mchanga. Usipokuja, nitayasema yote mawili peke yangu mbele yake, na vidange inayofuata nitatandaza shati lako mahali pa katoni.

Mdogo wako,
mshika beseni