Tulivyompumzisha Mama

Wamagana, Jumanne. Ukungu haujainuka tangu Jumapili, na baridi ya Julai imeingia hadi kwenye mifupa. Mimi nimeganda tu. Sina huzuni, sina hasira.

Leo nilimpeleka mama kliniki. Nilitaka dawa ya miguu na, kama ipo, dawa ya kusahau, maana wiki hii nzima amekuwa akiniita kwa jina la marehemu dada yake. Nesi alimwambia ainuke kitini bila kushika kitu. Mama alijaribu, akarudi chini. Nesi akaniuliza mama hufanya kazi gani nyumbani. Nikajibu kwa majivuno kwamba hafanyi kitu, tumempumzisha.

"Hiyo ndiyo shida," akasema. "Msuli ikikosa kazi inaisha. Na kichwa nayo inalala. Huyu mama atembee kila siku, na afanye zoezi ya kusimama na kukaa."



Kwetu, mtoto mwema ni yule anayempumzisha mzazi. Mfereji wa maji wa harambee ulipofika nyumbani miaka kadhaa iliyopita, nilichukua mukwa wake, ule mkanda wa ngozi aliobebea maji na kuni kwa paji la uso maisha yake yote, nikampa jirani. Ng'ombe nikampelekea kaka yangu. Jembe nikaliweka darini asiweze kulifikia. Kanisani walinisifu, na nilipenda kusifiwa. Nakiri hapa daftarini kwa sababu hapa hakuna wa kunijibu.

Jioni tulianza. Nilimshika viwiko, akasimama mara nne. Ya tano magoti yalitetemeka, akaketi akihema. Nikamweleza kwamba nesi anataka arudie kazi zake kidogo kidogo, ili miguu na akili vipate nguvu, hata kama nguvu zote hazitarudi. Alinitazama, akaniita kwa jina langu.

"Wangari, kwani adhabu yangu imeisha?"

Kumbe miaka hii yote alidhani tulimnyang'anya kazi kwa sababu alitukosea. Na hakuwahi kuuliza kosa lake.

Nilitaka kulia. Machozi hayakuja.

Nikamwambia ndiyo, mama, imeisha. Sikujua jibu lingine ambalo angelielewa. Asubuhi tutapalilia mstari mmoja wa sukuma wiki, yeye na mimi. Lakini nitamwombaje msamaha, sasa kwa kuwa nimeshamsamehe kosa ambalo anadhani ni lake?