Upande Usiosikia

Mdogo wangu Ngongoti,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula na unalala, ingawa shangazi ameniambia kwenye simu kwamba hufanyi vyote viwili. Sisi huku hatujambo. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa anapiga mluzi kwenye pengo kuanzia asubuhi hadi jioni, mpaka baba yake anatafuta visingizio vya kwenda dukani. Kila siku anauliza mjomba atarudi lini. Namjibu kwamba mjomba amekwenda kupumzika, na kwa kuwa ni mtoto wangu mwenyewe, ananitazama tu bila kuniamini.

Shangazi ameniambia pia kwamba besi yako, lile zeze refu kama wewe, umeifunika shuka na kuisimamisha nyuma ya kabati. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungeanza kunihurumia, na unajua nikihurumiwa nabadilisha maneno.

Nianzie mbali kidogo. Nilipokuwa na mimba ya huyu mwenye pengo, tumbo lilinizuia kuifikia besi. Mwezi wa saba nilikuwa naipiga kiubavu kama mtu anayechungulia dirishani, na Mwalimu, mpiga piano wetu, akaniomba nikapumzike. Nikakuleta wewe. Nilikuwa nimekufundisha mimi, kwa besi yangu, kwenye korido ya nyumba yetu, wakati miguu yako imerefuka ghafla na jina la Ngongoti limekuganda. Nikawaambia Mwalimu na mpiga drams wetu Chuma kwamba nawaazima wewe kwa miezi minne. Miezi minne ikawa miaka sita. Hakuna aliyenifukuza, ila hakuna aliyeniita. Nikanunua mashine ya kurekodia, nikajifunza maikrofoni, nikawa fundi wa sauti, na watu waliponipongeza nikacheka nao.

Kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni. Nilikuwa na kijiba cha roho, mdogo wangu, na kilikuwa na jina lako. Kila ulipopigiwa makofi nilisema moyoni, hayo ni yangu. Nilizionea wivu hata sugu za vidole vyako, maana zangu zilikuwa zimelainika kwa kuosha chupa za mtoto.

Basi ikaja siku ya kurekodi. Wale wanaochagua kundi la kwenda kwenye ziara ya miji kumi na miwili walitaka onyesho lipigwe mbele ya watu, bila kurudiarudia. Mwalimu amelisubiri jambo hilo maisha yake yote, nawe ulishaniambia kwamba mkichaguliwa utaacha kazi ya kupanga mizigo ghalani. Tukapata ukumbi wa kusomea wa maktaba, Jumapili alasiri. Sakafu ya mbao, dari la juu, na vitabu kila upande vya kutuliza mwangwi. Kwa jazi ya watu watatu, chumba kizuri kuliko tulivyostahili.

Nilifika mapema, nikapiga makofi kila kona kusikiliza chumba kinajibuje. Mbele nikasimamisha maikrofoni mbili kwenye stendi moja, kimo cha mtu, ziwapokee wote watatu kwa pamoja. Nyingine mbili nikaziweka ndani ya piano, chini ya mfuniko ulioinuliwa, moja kwenye nyuzi nene na moja kwenye nyembamba. Chuma nilimwekea moja tu juu ya kichwa, kwa sababu Chuma husikika hata ukimfungia chooni. Kwako nikaileta ile ya zamani, ya utepe mwembamba wa alumini ndani, niliyonunua kwa fundi mstaafu wa redio. Sina nyingine bora kuliko ile, na hakuna inayoipokea besi kwa heshima kama ile. Kila mtu aliona kwamba dada amempendelea mdogo wake.

Yaliyofuata unayajua. Tulipokaa wanne kusikiliza, besi yako ilikuwa nyembamba, kama inapigwa nyumba ya jirani. Mwalimu alisikiliza mara tatu. Akasema, kwa upole wake ule unaoumiza, kwamba pengine kazi ya ghalani imekula nguvu za vidole vyako. Chuma akatazama viatu vyake. Wewe ukanigeukia mimi, nami nikasema maikrofoni zote zilikuwa sawa. Wiki ile ile Mwalimu akakuomba ukapumzike, neno lile lile aliloniambia mimi. Kisha akanipigia kuniuliza kama bado naweza kupiga, ili turekodi tena kabla ya mwisho wa mwezi. Nilimjibu naweza kabla hajamaliza swali.

Sasa nisikilize. Ile maikrofoni ya utepe inasikia mbele na inasikia nyuma, lakini ubavuni ni kiziwi. Ulikuwa na miaka kumi na mitano nilipokuonyesha. Uliizunguka ukihesabu kwa sauti, hedifoni masikioni, na kila ulipofika ubavuni sauti yako ilizama. Ulicheka ukarudia mpaka ukapata kizunguzungu. Siku ile ya maktaba, watu wakitafuta viti, niliigeuza. Stendi haikulegea, wala hakuna aliyeigonga. Nilikuelekezea ubavu, nikaikaza skrubu kwa mkono huu huu unaoandika. Wakati wa mapumziko nilipita mbele yake mara mbili, na mara zote mbili nikaiacha. Nilipochanganya sauti nilizishusha zile mbili za mbele ambazo zingenisuta, na kwenye piano nikapunguza sauti nzito, kama ninavyofanya siku zote ili piano isigombane na besi.

Ningeweza kuzikwa na siri hii. Lakini Jumanne nilianza kujifunza sehemu zako ili nirudi mahali pangu. Nikazima kila kitu, nikabakiza maikrofoni za piano peke yake, bila kupunguza chochote, nisikie vizuri kodi za Mwalimu, zile noti anazozipiga kwa pamoja. Ukatokea wewe. Besi nzima, nzito, mpaka mkwaruzo wa kidole kwenye uzi. Nilikuwa nimekufungia mlango wako nikasahau kwamba wa Mwalimu uko wazi. Hapo nikakumbuka kwamba baada ya wimbo wa kwanza ulisogea nusu hatua, ukaigeuza besi ielekee piano. Mimi nilidhani unatafuta mwanga.

Tena kuna jambo lingine humo. Kabla ya wimbo wa pili, makofi yakiisha, Mwalimu anasikika akikuuliza chini chini kama maiki yako imekaa sawa. Nawe unamjibu aiache tu, dada ndiye aliyeiweka, na dada hakosei. Ndiyo maana hakuuliza tena.

Ulijua, Ngongoti. Wewe ndiye uliyeizunguka ukihesabu. Uliona nilichofanya, ukanifichia, ukageuka usikike bila kuniaibisha, na niliposema uongo mbele ya wote ulibeba besi yako ukaondoka. Tangu Jumanne sijui niuweke wapi uso wangu.

Jana niliwaita Mwalimu na Chuma. Niliwaambia kwanza, ndipo nikawasikilizisha, nisije nikajificha nyuma ya uzuri wa sauti yako. Chuma alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayofikia kwa shangazi. Mwalimu alivua miwani, akaomba irudiwe, akaomba tena, kisha akasema amekukosea na atakuambia mwenyewe. Rekodi niliyoichanganya upya ndiyo iliyopelekwa kwa wale wanaochagua. Wanakungoja mazoezini Alhamisi ijayo. Fundi wa sauti wametafuta mwingine, na wamefanya vyema. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Sitakudanganya mara ya pili: wivu haujaniisha. Hata sasa naandika nikijua kwamba Alhamisi utasimama pale niliposimama mimi, na roho inaniuma. Acha iniume, ni yangu. Wewe toa shuka kwenye besi, na nyuzi uzikaze polepole, zimelala wiki tatu.

Msalimie sana shangazi, mwambie uji anaokulazimisha unywe na mimi nilinyweshwa na sijafa. Mume wangu anakusalimu. Mpwa wako hana salamu, ana mluzi, na ameagiza kwamba ukirudi uje moja kwa moja kwake kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Msamaha nauomba, lakini usiharakishe kunipa.

Ulimwambia Mwalimu kwamba dada hakosei. Nilikosea, mdogo wangu, na nilikosea nikijua.

Ni mimi,
Dada yako