Mchezo Wako Nimeusikia kwa Jirani

Idi mjukuu wangu,

Huna haya! Mwaka mzima hukukanyaga kwangu, hata niliposafiri kuja huku kwa mama yako hukuja kuniaga. Hapa Malaz, Riyadh, mama yako anashinda kazini, nje jua linachoma, nami nazungumza na birika. Jana jirani, huyu anayeniandikia barua hii, kanisomea kwenye tovuti ya habari kwamba mchezo wa simu uliokuwa ukiutengeneza umekamilika. Nililia, habari yako naisikia kwa jirani! Mama yako akasema, "Ndiyo maana kaipeleka habari kwenye tovuti. Ukurasa wake mwenyewe wanausoma wanaomjua tu. Wageni humsikiliza mtu wa pembeni."

Kumbe tovuti ndiyo mshenga mnayemtuma awasemee! Sawa, Mungu aibariki kazi yako, kipenzi changu. Lakini mshenga gani hutoka nyumbani bibi hajaambiwa? Nikirudi, njoo na mchezo mwingine, keti mkekani, unihadithie mimi kwanza.