Panya wa Bati Ndani ya Basi la Kahama

Ushirombo,
Jumapili, 16 Oktoba 1983.

Mpendwa mdogo wangu Coletha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Ansgar. Hujambo huko Masasi? Miguu inaendeleaje? Ulisema kusimama wodini kutwa kunaivimbisha. Umepata dawa ya kuchua, au nayo imeadimika kama kila kitu? Sisi huku ni wazima. Mayu, mama yetu, bado yuko Masumbwe kwa kaka. Macho yake yanazidi kufifia lakini masikio ni yale yale. Ukimenya viazi kwa uvivu anakusikia. Binti yako Filo ni mzima kabisa, ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kupitia pengo. Amesimama hapa pembeni yangu mpaka nimwandikie: "Shikamoo mama." Haya, nimeandika.

Barua yako ya mwezi wa saba niliipata, mdogo wangu. Haikupotea njiani. Najua umengoja majibu miezi mitatu na huenda umefikiria mabaya. Sababu nitakueleza humu humu, ila niache kwanza nikuchangamshe kidogo, maana nikianza na hilo kalamu itakwama.

Maisha ya huku unayajua. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Sukari tumeisahau, lakini asali ya porini ipo, na chai ya asali sasa Filo anaona ndiyo chai yenyewe. Unga ni ule wa njano ambao watu wanauita wa Yanga, kama jezi za ile timu. Magunia yake Ansgar anayashona mashati, kwa hiyo siku hizi ukikaa nyuma kanisani unasoma migongo ya watu. Mbele yangu leo kulikuwa na mzee mmoja mnene ambaye maandishi ya gunia yamemwenea bega hadi bega. Ungekuwepo tungefinyana, kama tulivyokuwa tukifinyana zamani mpaka Mayu anatutenganisha. Nilijikuta nimegeuka kukutafuta. Pembeni yangu alikuwa Mama Eustace, jirani yetu, naye akanitazama kama mtu aliyemkosea.

Sasa sikia habari ya kasha. Mwezi wa nane padre mzee alistaafu akarudi kwao, na vitu vyake vidogo vidogo vikagawanywa pale parokiani, mtu analeta alichonacho anachukua anachotaka. Mimi nilipeleka chupa mbili za asali nikapewa kasha zima la makorokoro. Ansgar aliponiona nalo kichwani alicheka mpaka akaacha kupiga cherehani. Lakini sikiliza kilichokuwamo: kikaango kisicho na mpini, ambacho sasa kina mpini wa mti wa mninga. Birika la bati lenye tundu, ambalo limezibwa na linachemsha maji vizuri kuliko lile letu. Chujio la chai zima kabisa. Pazia zito la kijani, ambalo habari zake zinakuja. Na chini kabisa, ndani ya soksi moja, panya.

Nilipiga kelele nikaitupa ile soksi. Kumbe ni panya wa bati, amepakwa rangi ya kijivu, ana mkia wa ngozi na ufunguo mdogo ubavuni. Ukimzungusha ule ufunguo ukamweka chini anakimbia mwenyewe, anazunguka, anageuka, kama ana akili. Watu walijaa uani. Mama Eustace akauliza, "Sasa wenzetu wanatengeneza panya wakati sisi tunahangaika kuwatega?" Katekista Kamili ndiye aliyetufumbulia. Alisema padre alikuwa na paka, na huyo panya aliletewa na dada yake kwa posta ili paka achezee. Watu wakacheka sana. Mimi nilicheka pia, lakini baadaye nilimfikiria huyo dada, anafunga kifurushi, anabandika stempu, hajui mambo ya kaka yake ila hilo moja tu, kwamba ana paka.

Na sisi tuna paka, nadhani sikukuambia. Ni dume la rangi ya majivu, jina lake Karani, kwa sababu lazima alale juu ya karatasi za Ansgar za kupimia nguo. Filo ndiye mwenye paka. Kabla ya huyo panya, alikuwa akimtengenezea vitu vya kuchezea yeye mwenyewe: vile vigurudumu vya mbao vinavyobaki uzi ukiisha, gunzi lililofungwa kamba, vizibo vya soda vilivyotobolewa vikatungwa pamoja. Hakuna kinachotupwa katika nyumba hii, kila kitu ni cha Karani. Panya wa bati alipotembea mara ya kwanza, Karani alipanda juu ya cherehani akakaa huko hadi jioni. Siku ya tatu akamzoea. Siku ya nne Filo akaanza kulala na panya mkononi na paka miguuni.

Basi, nimefika mahali ambapo nilikuwa naogopa kufika.

Coletha, barua yako ilisema umepewa nyumba ya vyumba viwili na kwamba Desemba utakuja kumchukua mtoto. Niliisoma jikoni nikiwa peke yangu. Niliikunja, nikaitia kwenye mtoto wa meza ya cherehani, chini ya vifungo, na sikumwambia mtu. Sikumwambia Filo. Hata Ansgar sikumwambia. Kila wiki nilisema nitajibu wiki ijayo.

Kuna jingine baya zaidi. Ile picha yako uliyopiga Tabora siku ya kuhitimu uuguzi, uliyoniachia nimwonyeshe, niliiondoa ukutani mwanzoni mwa mwaka jana. Alikuwa akiiangalia na kulia, nami nikajiambia nampunguzia uchungu. Akaacha kulia. Picha sikuirudisha. Alipoanza kuniita mama bila kuongeza neno, sikumsahihisha. Unajua mimi na Ansgar tumeomba mtoto miaka kumi na moja. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nasema ili ujue ilivyokuwa.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba nilikwenda bombani alfajiri. Niliporudi na ndoo, Filo hayupo. Nikaita, kimya. Nikaingia ndani: gauni lake la Jumapili halipo, kikapu cha sokoni hakipo, Karani hayupo. Nilianza kukimbia kabla sijajua ninakimbilia wapi. Mama Eustace alinipigia kelele kutoka kwake, "Mtoto amepita hapa na kikapu, amesema anasafiri!" "Nilidhani ni mchezo," akaongeza. Niliendelea kukimbia. Kandambili moja ilikatika, nikaiacha njiani.

Stendi, basi la Kahama lilikuwa linaunguruma. Kabla sijalifikia nilisikia vurugu ndani. Wanawake wanapiga kelele, kuku wanalia, mtu mmoja anatoka kupitia dirishani na mzigo wake. Bibi mmoja alikuwa amesimama juu ya kiti, ameshika kanga kwa mikono miwili: "Mayu wee! Panya! Panya!" Na katikati ya viti panya wa bati anakimbia zake, anagonga gunia la karanga, anageuka, anarudi.

Kondakta Masele, yule mrefu wa kwa kina Bujiku, alimwinua yule panya na kumtazama tumboni. Kisha akainama chini ya kiti cha nyuma, akamtoa Filo, na kikapu kimefunikwa kanga na ndani paka anaunguruma. Nilikuwa nimefika mlangoni. Watu walikuwa wengi mbele yangu, sikuweza kupita, kwa hiyo yote niliyasikia.

"Wewe, umekuja na nani?" Masele akamuuliza.

"Na Karani."

"Karani yupi?"

"Huyu." Akafunua kikapu. Watu wakaangua kicheko, na yule bibi akashuka kitini.

"Unakwenda wapi na Karani wako?"

"Masasi. Kwa mama."

Masele akacheka. "Mama yako si Mektilda, mke wa fundi cherehani? Mbona namjua."

"Huyo ni mama mkubwa," Filo akasema. Alisema polepole, kama mtu anayemfundisha mjinga. "Mama yangu anaitwa Coletha. Anavaa nguo nyeupe na kofia. Anatibu watu Masasi. Baba yangu ni Valerian, alikwenda vitani Uganda, Mungu amemweka mahali pema."

Kicheko kikakatika. Masele akavua kofia yake. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha mlangoni. Mwaka mzima nilidhani amesahau. Kumbe mtoto alikuwa na kila kitu mahali pake, jina lako, kofia yako, hata habari za baba yake. Alikuwa hanionyeshi mimi tu.

Waliponipisha nikaingia. Filo aliponiona hakukimbia wala hakulia. Alisema, "Sikukuaga kwa sababu ungelia." Mtoto wa miaka mitano, Coletha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Masele mwenyewe ametubebea kikapu hadi kona ya kanisa huku basi likimngoja na dereva akipiga honi. Ansgar alikuwa mlangoni. Nilimwambia yote hapo hapo, barua, picha, kila kitu. Akasema picha yeye anajua ilipo, kwenye sanduku chini ya vitenge vyangu, na kwamba kila Jumapili ninapokwenda kwenye kikao cha akina mama wa parokia yeye humtolea mtoto aitazame na kumweleza habari zako, halafu huirudisha ilivyokuwa. Mwaka mzima na nusu! "Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Akajibu, "Nilikuwa nangoja uitoe mwenyewe."

Niliitoa. Iko ukutani, juu ya cherehani. Kisha nilimketisha Filo nikamsomea barua yako neno kwa neno, mahali unaposema umemnunulia kikombe chake na kijiko chake. Aliniomba nirudie hapo mara tatu. Halafu akauliza kama Masasi kuna maziwa ya paka.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili, na unisamehe kwa kulichelewesha: njoo, Coletha. Njoo Desemba kama ulivyosema. Mtoto ni wako na anajua ni wako. Lile pazia la kijani Ansgar amelishona gauni la safari na mfuko mdogo wa nguo, na kitambaa kimebaki cha sketi ya shule, ameacha pindo refu ili ulikunjue akikua. Karani naye anasafiri, imeshaamuliwa, sikuulizwa. Masele ameahidi kumpatia tenga lenye mfuniko. Nadhani panya wa kweli wa nyumba hii wamesikia, maana wameanza kutembea mchana.

Sitakudanganya kwamba moyo wangu umetulia. Jioni nikisikia anamwimbia paka, natoka nje nijifanye naanua nguo. Lakini nimegundua kitu. Miaka hii mitatu nilikuwa nikimshika Filo kwa nguvu, na kumbe nusu ya niliyekuwa namshika ni wewe. Anakunja uso kama wewe. Anakula pembe za andazi kwanza, kama wewe. Tangu Valerian afariki na wewe uondoke, sijakaa na ndugu yangu tukaongea mpaka chai ikapoa. Barua hazitoshi, Coletha. Mimi nakuhitaji wewe mwenyewe, uje ukae jikoni, unilaumu kama unataka kunilaumu, kisha tulale kitanda kimoja kama zamani. Usije kwa siku mbili. Omba likizo ndefu. Treni ukiteremka Isaka, tuma neno kwa kondakta yeyote wa Kahama, siku hizi wote wanalijua jina lako.

Na jambo moja ukishuka basi. Usimkimbilie kumbeba. Nimemwona anavyofanya na watu asiowazoea, anasimama mbali, anachunguza, mikono nyuma. Weka mzigo chini, useme shikamoo yake umeipokea, kisha ungoje. Hata akichelewa, ungoje. Mimi nitasimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, ili akigeuka kunitafuta aone nimemruhusu.

Salamu zako kutoka kwa Mayu, anasema ulete korosho ingawa hana meno. Kaka na watoto wa Masumbwe wanakusalimu. Katekista Kamili anakukumbuka katika sala za jioni, na Mama Eustace anasema rangi ya kile kitenge ulichomwahidi isisahauliwe, iwe nyekundu. Wasalimu wauguzi wenzako na ule mlima uliosema unauona dirishani.

Mungu akulinde barabarani na kwenye reli, akupe nguvu za miguu, na akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye na kukungoja,

Mektilda
(Mama mkubwa wa Filo)