Vibao vya Hekaluni

Lukang,
Jumapili

Kwako kaka Chih-yuan,

Salamu nyingi. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na mtoto. Sisi huku tupo, ila mimi nimechoka, kaka, hata kuchana nywele naona kazi.

Mama anakula uji wake wa viazi vitamu na kuulalamikia, mara mzito, mara umepoa. Lakini daktari anasema moyo wake unahitaji kupasuliwa tena, na jibu analitaka Ijumaa. Nilipokupigia ulicheka, ukasema kuna nini cha kufikiri, nenda hekaluni karushe vile vibao viwili vya kumwuliza mungu kama mwaka jana, mkono wako una bahati. Mama naye akadakia kwamba mungu aliyemwokoa hawezi kumtupa.

Tazama tulivyo. Wewe uliyeacha kazi tatu bila kuaga, unayeshuka milima ya Hualien kwa pikipiki kama mtu asiye na mama, ndiye uliyekataa mwaka jana kutia sahihi apasuliwe, ukalia kwamba hutaki kumuua. Mimi ninayechukua nusu saa kuchagua supu, ambaye shangazi hunitania kwamba nitaolewa nikimaliza kufikiri, ndiye niliyetumwa kwa mungu. Nikakuambia vibao vimeanguka kimoja chali, kimoja kifudifudi, mara tatu mfululizo. Mungu amekubali apasuliwe.

Kaka, nilikudanganya. Mara ya kwanza vilianguka vyote chali, yaani mungu akanicheka bila kunijibu. Ya pili vilevile. Ya tatu vyote kifudifudi: hapana. Niliviokota, nikavirudisha mezani, nikatoka nje kukupigia simu. Usidhani ulikuwa ujasiri. Nilikuwa nimechoka kuogopa, nikataka tu jambo liishe. Mama alipoingizwa kupasuliwa akinipungia mkono kwa furaha, nilikimbilia chooni nikatapika.

Mwaka mzima sasa anampelekea mungu machungwa ya shukrani, na kikapu nambebea mimi.

Safari hii hekaluni siendi. Panda treni Alhamisi, tukae na Mama mezani, tumweleze yote, kisha tumwulize yeye anataka nini. Mwaka jana tulimwuliza daktari, tukamwuliza mungu. Yeye hatukumwuliza.

Wabusu wote hapo kwako. Mama anakusalimu; ananiona naandika, anadhani nakuagiza majani ya chai ya mlimani. Basi yalete, asije akanishtukia kabla hujafika.

Ni mimi dada yako,
Yueh-chin