Ng'ombe Kumi na Mmoja Mfukoni

Kibabi, Masisi
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Gisa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi. Hujambo huko Kampala? Na lile jino? Mara ya mwisho uliongea kwenye simu kama mtu aliyebanwa na kiazi cha moto mdomoni, nikacheka, halafu baada ya simu kukatika nikajuta. Kama bado linakusumbua, ling'olewe. Jino si ndugu. Kazi ya gereji inaendeleaje, na yule mama mwenye nyumba bado anawakataza kupika majani ya sombe kwa sababu ya harufu?

Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa asubuhi, lakini nguvu zake za kugombeza hazijapungua, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Papa analalamikia magoti kila anapopanda kutoka mtoni. Mimi nimenenepa, usiulize zaidi. Binti yangu Umwali ametimiza miaka tisa, hana meno mawili ya mbele, na bado anaongea kuliko sisi wote wenye meno.

Mvua imekuja vizuri. Viazi vimeshika, maharage yamepanda juu ya miti, na kwenye kilima chetu majani yamerudi mpaka magotini. Nikisimama pale ulipopenda kukaa ukichunga, karibu na lile jiwe lenye mgongo, naona mpaka chini kabisa. Kila nikifika hapo nakutafuta kwa macho, halafu nakumbuka. Nimekukumbuka sana, Gisa. Naandika hivyo mapema, nisije nikazunguka mpaka karatasi ikaisha.

Habari ya mifugo: Papa Hakorimana wa Kalembe, yule rafiki wa Papa, alituletea mtamba mara tu iliposikika kwamba tumerudi. Alikuja naye kwa miguu, siku mbili. Unajua desturi yetu, mtu akipoteza ng'ombe wake rafiki anamletea mmoja wa shumbusho, ili asikae na zizi tupu. Mtamba amezaa, maziwa tunayo, na mengine tunauza. Lakini mpaka leo Papa hajampa jina. Anamwita tu "ya Hakorimana."

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza. Nilikuambia kwenye simu kwamba ile gemu yako ya mkononi imekufa, ukajibu haraka: wachana nayo, itupeni, nitampa dereva Sylvain nyingine mpya awaletee atakapokuja na mzigo wa Desemba. Ukaniambia nichague, kutengeneza ao kubadilisha. Ulidhani ni mchezo wa Umwali tu. Mimi sikukusahihisha, kwa sababu jambo lenyewe halienei kwenye simu, na mtandao wa hapa unajulikana kwa kukata mtu katikati ya neno. Ndiyo maana umepata karatasi.

Lazima nianze na lile ambalo hatulitaji. Siku tulipokimbia vita kuteremka Kirotshe, wewe ndiye uliyekuwa malishoni na ng'ombe kumi na mmoja wa Papa. Ulifika kesho yake, miguu imevimba, bila hata ndama, na mfukoni ulikuwa na ile gemu. Papa alikutazama ukiitoa na kuipangusa matope, akasema mbele ya watu: "Umeponesha kamuchezo, ukaacha ngombe zangu zote." Wiki ya tatu ukapanda lori, na gemu ukaiacha juu ya mkeka wako, imefungwa ndani ya shati. Nilijua kwa nini uliiacha. Mama pia alijua.

Tangu siku ile Papa hakutaja jina la ng'ombe hata mmoja. Mtu aliyekuwa akiwaita mmoja mmoja kila asubuhi, akawasifu kuliko alivyowahi kutusifu sisi watoto wake, akanyamaza kabisa. Mtu akimwuliza alikuwa na wangapi, anasema alikuwa nao, basi.

Ile gemu niliirudisha Kibabi ndani ya sanduku la sahani. Mwaka huu, wakati wa Pasaka, Umwali aliipata, akaipeleka kwa jirani mwenye plake ya jua ya kuchajia simu, nayo ikawaka. Jumapili moja tumetoka kanisani, yeye amekaa kwenye ua wa zizi anacheza mpira humo ndani na kujitangazia mwenyewe. Papa alikuwa karibu, anasuka kamba. Mara nikasikia mtoto anapaza sauti: Bihogo amempa Sine, Sine amempa Gaju, Gaju anapiga, Gitare amedaka.

Papa alisimama, kamba ikaanguka. Nilidhani ameumwa na kitu. Akamwuliza mtoto ni nani amemfundisha majina hayo, maana Umwali tulipokimbia alikuwa mdogo, hakuwajua ng'ombe wale. Umwali akamwonyesha kioo, pale ulipoandika majina ya wachezaji. Papa hajui kusoma, basi akamwamuru asome wote. Akasoma kumi na mmoja, kila mmoja na mahali pake. Gitare golini. Bugondo na Mukungu nyuma. Bihogo mbele kabisa.

Papa akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe alikuja nazo."

Alienda kusimama kwenye lile jiwe lako mpaka Mama akamtuma Umwali kumwita ale.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya kukamua, anaosha mikono, anakaa, na kumwambia mjukuu wake, "Nisomee." Na akisomewa anaanza kusimulia. Kwamba Gitare ulimweka golini kwa haki, kwa sababu alikuwa mwoga wa mto na hakuvuka mpaka apigwe. Kwamba Bihogo ndiye aliyetangulia wengine njiani siku zote, na huyu mtoto Gisa aliliona hilo, kumbe alikuwa anatazama. Neno hilo amelirudia mara nyingi: kumbe alikuwa anatazama. Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza sukari.

Sasa usicheke, ao cheka, sisi tulicheka baadaye. Mwezi wa kumi gemu ilianza kuvimba mgongo. Umwali aliiacha kwenye plake siku nzima, na betri ikatuna mpaka kifuniko kikanyanyuka. Papa aliigusa kwa dole gumba, akaiweka sikioni, akatingisha kichwa kama anavyofanya akiona ng'ombe aliyekula majani mabichi yenye umande. Akatoa hukumu kwamba iko na tumbo, na dawa ya tumbo ni kutoboa hewa itoke kabla halijafika moyoni. Mama alimwambia hiyo si ng'ombe. Alijibu kwamba kilichovimba kimevimba. Akaleta kile kisu chake chembamba cha kazi hiyo, akamwuliza Umwali upande wa kushoto wa mashine ni upi, maana ng'ombe hutobolewa kushoto.

Ilitoa moshi, Gisa, halafu ilitoa moto. Papa aliitupa kwenye matope, akapiga betri kwa fimbo mpaka ikatoka. Aliungua vidole viwili, na kitanda cha betri kikayeyuka. Umwali alilia. Papa hakulia, lakini kesho yake baada ya kukamua alinawa mikono, akakaa mahali pake, akakumbuka, akainuka.

Niliipeleka kwa Élie, fundi wa simu na redio kule Kirotshe, sokoni. Nilikwenda na Umwali. Élie aliifungua, akainusa, akauliza ni nani aliyeipiga kisu. Nikasema ni habari ndefu. Alinipa njia mbili. Ya kwanza, kutengeneza: kuchomelea nyaya upya na kutafuta betri ya simu itakayokubali, na huenda ikawaka, huenda ikafa moja kwa moja mkononi mwake. Ya pili, alikuwa na nyingine ya aina ileile, nzima, kioo safi kuliko chetu. Tungempa mfu wetu atoe vipuri, tuchukue hiyo, tupande mlima siku hiyohiyo.

Umwali alikuwa ameshaishika. Ilikuwa inawaka, vidole vyake vimeshazoea. Nikauliza kama majina yanaweza kuhamishwa. Élie akasema hapana, yako ndani ya tumbo la ile ya zamani. Mtoto akasema hiyo si shida, tutayaandika upya, yeye anayajua yote kwa kichwa. Nakiri kwamba nilikaribia kukubali. Nilikuwa nimechoka, na mtu mzima anaweza kushindwa na macho ya mtoto. Lakini majina hayakuwa yangu wala yake, nikaacha zote mbili kwa Élie nikapanda kuuliza.

Papa alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza hatari ya kwanza na uzuri wa pili. Nikamwambia majina tutaandika yaleyale.

Akasema, "Ngombe ya shumbusho haipewe jina ya ile ilipotea. Inapewa jina yake." Halafu akasema, "Ile ya zamani, njo ile Gisa aliandika na mukono yake. Kama itakufa, ikufe ikitengenezwa."

Basi nikateremka tena na Umwali. Aliishika tena ile nzima, akairudisha mezani mwenyewe, bila kulazimishwa, ila njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Kwa mtoto yule, hilo ni tukio la kuandikwa.

Tulingoja wiki mbili. Papa alijifanya hajali, lakini kila aliyepita kutoka Kirotshe aliulizwa habari za Élie kwanza, za soko baadaye. Juzi Ijumaa nikaenda kuichukua. Mdogo wangu, ni mbaya kutazama. Betri ya simu ya zamani imekaa nje, imefungwa mgongoni kwa mpira wa chambre à air ya baiskeli, kama mama aliyebeba mtoto asiyemtosha. Lakini Élie alibonyeza, ikawaka. Aliijaribu mbele yetu, akamwonyesha Umwali ukurasa ambao mtoto hakuwahi kuufungua: wale wanaokaa benchi.

Umwali alisoma pale, akanitazama, akaizima. Alisubiri mpaka nyumbani.

Jana baada ya kukamua Papa alinawa mikono, akakaa. Akasomewa kumi na mmoja. Alikuwa akiitikia kila jina, na kwa Bihogo alifunga macho. Kisha Umwali akamwambia, "Tate, bado iko mumoja." Tate ndivyo anavyomwita babu yake. Akamweleza kwamba kwenye benchi wote wana majina ya kizungu yaliyokuja na mashine, isipokuwa mmoja, na huyo anaitwa Gisa.

Papa akauliza benchi ni nini. Mtoto akamweleza kwamba ni mahali anapokaa mchezaji asiyechezeshwa, anatazama wenzake, anangoja kocha amwite.

"Na kocha njo nani?"

"Njo weye, Tate. Ngombe ni zako."

Papa alikuwa anaangalia vidole vyake vilivyoungua. Gisa, sikujua kwamba siku zile zote ulipokuwa unachunga ulijiweka pale. Mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni, sikujua. Nilitoka nje nikajifanya nafukuza kuku.

Niliporudi, Umwali alikuwa akimwonyesha kitufe. Alimwambia ni rahisi, akibonyeza hapa Gisa anaingia, mmoja anatoka, kazi imekwisha. Papa akamshika mkono.

"Wacha. Usifinye. Ataingia na miguu yake."

Ndipo akaniambia nitafute karatasi, kwa sababu neno la simu linaondoka na upepo, nalo hili anataka ulishike. Nilimwuliza niandike nini. Akasema niandike kwamba ya Hakorimana bado haina jina, na kwamba yeye hajui kuandika.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: usimpe Sylvain gemu mpya. Mwambie akuachie nafasi kwenye gari.

Mama anakusalimu na kusema sombe iko, hapa hakuna mwenye nyumba wa kukukataza. Papa Hakorimana anakusalimu kutoka Kalembe. Umwali anakusalimu, anasema betri isipozidi siku nzima kwenye plake itafika Desemba. Mungu wa baba zetu akufunike njiani, mito ikupishe, na mlima usiwe mrefu miguuni pako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokugombeza,

Uwamariya