Salamu Zangu Zimejibiwa, Magdalena

Magdalena mdogo wangu,

Habari za nyumbani zitakuja. Kwanza nikutolee uongo wangu, maana nimechoka kuubeba peke yangu.

Siku ile ya mwisho, umelala kitanda cha dirishani, kifua kinakoroma, ukanishika mkono ukasema, "Kaka, Felista wangu atabaki na nani?" Nikajibu palepale bila hata kumeza mate: "Tulia. Nimeshaandikia watu wakubwa huko duniani, shule ya wasioona imepatikana." Ukaniangalia. "Kaka Tluway, leo usinidanganye." Nikaapa. Ukatabasamu, ukalala.

Nilidanganya. Sikuwa nimemwandikia hata jirani.

Wewe unanijua, nimesimulia mengi. Yule nyati niliyemfukuza kwa mfuniko wa sufuria nilipokuwa mpishi kambini, kule juu ukingoni mwa lile shimo la Kreta, ni wa kweli kabisa, ila alikuwa mmoja, si saba. Hayo hayajawahi kuninyima usingizi. Lakini hili la shule lilinikaa kooni. Tulipokuzika nikatupa udongo wangu na kusema kimoyomoyo: huu hautabaki uongo. Atakayecheka acheke.

Na walicheka, mama yangu!

Matanga yalipoisha, shemeji Bonifasi alimkalisha mtoto jikoni, achague maharage. Asubuhi maharage, jioni maharage. Miaka mitatu tangu surua imchukue macho akiwa darasa la tatu, na anakumbuka jedwali la kuzidisha kuliko mimi niliyeishia la tano. Nikamwambia shemeji, huyu asome. Akasema, "Mtoto asiyeona akitoka nyumbani, dunia inamla." Simlaumu sana. Amekupoteza wewe, anaogopa kupoteza kilichobaki. Lakini woga wake ndio uliokuwa unamla mtoto, dunia haikuwa na habari.

Sasa Karatu lami imefika, Magdalena. Magari ya watalii yanapita wala hayatumwagii vumbi, yanatupigia honi tu. Na karibu na stendi kuna Mchaga mmoja, tunamwita Mangi, amefungua chumba cha intaneti, kompyuta nne, moja mgonjwa. Nikaingia kifua mbele, kofia ya upishi kichwani ili anijue mimi ni nani. Nikamwambia, "Natafuta watu wasioona wa dunia hii." Akauliza, "Wote, mzee?" Nikasema, "Wote. Nina nafasi mpaka jioni."

Akachapa kwa vidole vyake, tukasubiri. Ukurasa ulishuka polepole kama ng'ombe wa Olbalbal wakirudi kutoka majini, mmoja mmoja. Nikasikia Mangi anapiga mluzi. Kumbe wasioona wana vijiwe! Mangi anaviita listi, mimi nasema ni vijiwe, maana ni watu wamekaa pamoja wanaongea, ila wanaongea kwa barua. Ukituma neno moja linawafikia wote. Kuna kijiwe cha wazazi wa watoto wasioona. Cha walimu. Cha wanaotumia kompyuta inayosoma kwa sauti. Kuna kijiwe cha wapishi wasioona, Magdalena, wapishi! Nilisimama nikakaa tena. Nikamwambia Mangi, niandikishe vyote.

"Vyote kumi na moja, mzee? Utajuta."

Sikujuta. Niliporudi kesho yake nikakuta barua mia mbili na kitu. Nikazunguka mji mzima nikitangaza: watu mia mbili wameniandikia kwa siku moja! Hata diwani hana. Mangi akanivuta pembeni, akanong'ona, "Mzee, hawakuandikii wewe. Wanaandikiana, wewe umo tu."

Lakini sisi tumelelewaje? Mtu haingii penye watu akakaa kimya kama mwizi. Unasalimia, mmoja mmoja, wake, watoto, mifugo, mvua. Nikasema, kila aliyeandika atapata salamu zake. Nilikaa pale wiki nzima kwa kidole kimoja, Kiingereza changu cha kambini na Kiswahili vikisaidiana. Mama mmoja aliyeuliza habari za betri ya kompyuta nikamuuliza habari za ng'ombe wake. Na kumbe kila salamu ilikuwa inawafikia wote! Watu elfu na zaidi wakasoma mara sabini kwamba mvua Karatu imechelewa.

Basi wenye vijiwe wakaja juu. Acha kusalimia, unajaza masanduku ya barua ya watu. Mtu mzima, nifukuzwe kijiweni kwa adabu! Nikawajibu kwamba kwetu anayefukuzwa ni yule asiyesalimia. Wakanitoa hapo. Vijiwe tisa vilinitoa, Magdalena. Stendi nzima ikajua. Nikipita wananiita, "Mzee Salamu! Wazungu hawajambo?" Nami nasema hawajambo, wanawauliza ninyi.

Vilibaki viwili. Wapishi walinipenda kwa ajili ya nyati. Mmoja hakuniuliza nyati anafananaje, aliuliza ananukaje. Ikabidi nikamuulize mwanao, akacheka, ndipo akaniambia: "Mjomba, ananuka kama zizi lililonyeshewa. Si ulirudi na harufu yake kwenye koti." Nikaandika hivyo hivyo, na sikutaja kwamba si maneno yangu.

Cha pili ni cha walimu. Huko, siku moja, nikafungua barua nikakuta Kiswahili. Mwalimu wa kike, Mtanzania mwenzetu, haoni tangu utoto. Aliandika: "Mzee wa Karatu, salamu zako zimefika zote sabini. Huku hatujambo. Sasa niambie shida yako, maana mtu hasalimii hivi bila shida."

Nililia pale kwa Mangi. Nimekiri. Usimwambie mtu huko.

Nikamweleza yote, hata uongo niliokudanganya wewe. Akanijibu kwamba shule ipo, anayofundisha yeye mwenyewe, wanasoma nukta nundu kwa vidole, na mtoto wa miaka kumi na miwili hajachelewa. Mwisho akauliza swali moja: "Mtoto mwenyewe mmemuuliza?"

Magdalena, hakuna aliyemuuliza. Hata mimi.

Tukaitisha kikao nyumbani kwako. Nikasoma barua ile, nikijikwaa hapa na pale, shemeji amekunja mikono. Nilipomaliza akasema, "Hawa ni watu usiowajua." Nikasimama. Nikasema, "Nisiowajua wamejibu salamu zangu. Wewe unayemjua huyu mtoto, tangu tumzike mama yake umemwambia nini zaidi ya 'chagua maharage'?" Shemeji akaangalia chini. Nikageuka: "Felista, wewe unasemaje?"

Akatoka jikoni ameshika furushi, limefungwa kwa kanga yako ile ya kijani. "Mimi nimeshafunga mzigo tangu Jumapili. Nilikuwa nangoja mmalize kugombana."

Baba yake alicheka kwanza, halafu kile kicheko kikageuka kilio. Ndiye aliyembebea furushi mpaka kwenye basi, hakutaka mtu mwingine aliguse.

Muhula unaelekea kwisha, na juzi imekuja barua yake. Karatasi ngumu, nyeupe, haina wino hata tone. Vipele tu, kama ngozi ya mtu aliyesikia baridi. Mimi niliyewasomea kikao kizima sasa sijui kusoma! Nimeigeuza, nimeinusa. Mangi amesema tuulize kijiweni mtu wa kututafsiria, nimemkatalia. Nimemwandikia mwalimu anitumie alfabeti ya zile nukta. Kidole changu kimeota sugu za masufuria, lakini kilijua kuonja uji wa moto, kitajua na hili.

Watu wa stendi wanasema mzee wa miaka hamsini na mbili hawezi. Hao hao walisema Wazungu hawatajibu.

Kwa hiyo lala, mdogo wangu, lala bila wasiwasi. Ile shule niliyokuambia imepatikana, imepatikana. Niliitangulia kidogo tu kuisema. Nami nakuahidi, na safari hii naapa nikiwa nimemeza mate: siku nitakapoimaliza barua ya Felista kwa kidole changu mwenyewe, nitakuja makaburini nikusomee neno kwa neno, nisiongeze hata nyati mmoja. Na siku yangu ikifika, nimeshamwagiza shemeji aitie mfukoni mwangu, nitashuka nayo. Huko hakuna taa, najua. Barua hii haihitaji taa.

Kaka yako,
Tluway